Ini Lenye Mafuta na Kazi ya Moyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilipimwa ultrasaundi ya tumbo, ripoti ikaandika kwamba ini lina mafuta. Maana yake nini?

Maana yake seli za ini lako zimejilimbikizia mafuta. Ini lenye afya halikosi mafuta kabisa, ila huwa nayo kidogo sana. Yakionekana katika zaidi ya asilimia 5 ya seli zake, ini hilo huhesabiwa kuwa na mafuta. Wengi huligundua jambo hili kwa bahati tu: mtu alikwenda kuangaliwa vijiwe vya nyongo au uvimbe wa kizazi, akarudi na mstari mmoja kwenye ripoti ambao hakuna aliyekaa naye kumweleza. Akiuliza, huambiwa "punguza mafuta" na kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Jibu hilo halitoshi. Karibu watu wazima 3 kati ya 10 duniani wana hali hii, na mstari ule kwenye ripoti unapaswa kusomwa kama taarifa ya moyo sawa na ulivyo taarifa ya ini.

Mwaka 2023 vyama vya kimataifa vya wataalamu wa ini viliupa ugonjwa huu jina jipya, na sasa unafupishwa MASLD. Kwa ufafanuzi huo mpya, mafuta ya ini peke yake hayatoshi. Ni lazima mtu awe na angalau kimojawapo kati ya vitu vitano: uzito au kitambi kilichozidi, sukari ya damu iliyopanda (5.6 mmol/L au zaidi kabla ya kula) au kisukari, presha ya 130/85 au zaidi, trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) za 1.7 mmol/L au zaidi, au lehemu nzuri (kolesteroli ya HDL) iliyoshuka. Tazama orodha hiyo vizuri. Vitu vyote vitano ndivyo vilevile ambavyo daktari wa moyo huvitafuta anapopima hatari ya kiharusi na mshtuko wa moyo.

Ini na moyo vinahusiana vipi?

Nianze na jambo linalowashangaza wagonjwa wengi: mwenye ini lenye mafuta ana uwezekano mkubwa wa kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa kuliko kwa ugonjwa wa ini wenyewe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, uliojumlisha tafiti 36 na watu zaidi ya milioni 5, ulikuta kwamba wenye mafuta kwenye ini walipata matukio ya moyo na mishipa kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa takriban asilimia 45. Kwa wale ambao ini lao lilikuwa limeanza kuota makovu, hatari ilikuwa kubwa zaidi, kama mara mbili na nusu.

Sababu zake ni kadhaa, na zinafanya kazi pamoja. Ini ndilo linalotengeneza na kusambaza sehemu kubwa ya mafuta yanayosafiri kwenye damu. Likijaa, humwaga trigliseridi nyingi, na lehemu mbaya hubadilika kuwa chembe ndogondogo nzito zinazopenya kwa urahisi kwenye kuta za ateri. Papo hapo ini huanza kukaidi insulini, homoni inayoshusha sukari. Linaendelea kutoa sukari usiku kucha hata kama mtu hajala, na ndiyo maana wengine huamka na sukari ya juu wakashangaa wamekula nini.

Halafu kuna uvimbe wa ndani kwa ndani. Ini lililokasirishwa na mafuta hutoa kemikali zinazochochea uvimbe mwilini, na hutoa kwa wingi protini zinazogandisha damu. Kuta za mishipa zinakakamaa, presha inapanda, damu inakuwa rahisi kuganda. Hayo yote hayaumi. Mtu analima, anaendesha bodaboda, anafungua duka asubuhi, na mambo yanaendelea ndani kimyakimya kwa miaka.

Moyo wenyewe unaharibika namna gani?

Hapa ndipo watu wengi hupotea, hata wenye ripoti mkononi.

Moyo una kazi mbili katika kila pigo. Ya kwanza ni kujikaza ili usukume damu. Ya pili ni kulegea ili ujae damu tena. Kazi ya kulegea ndiyo inayoanza kuharibika kwa mtu mwenye ini lenye mafuta. Misuli ya chemba ya chini ya kushoto inanenepa na kuwa migumu kama kiriba kilichokauka. Chemba ya juu, ikilazimika kusukuma damu iingie kwenye chumba kigumu, inatanuka polepole. Shinikizo linarudi nyuma hadi kwenye mapafu, na mtu anaanza kuhema akipanda ngazi ambazo mwaka jana alizipanda akiongea na simu.

Utafiti mmoja wa Marekani unaojulikana kwa jina la CARDIA uliwapima moyo watu 2,713 wa umri wa kati waliopigwa pia picha ya ini. Matokeo yake, yaliyotoka mwaka 2015, yalionyesha kwamba wenye mafuta kwenye ini walikuwa na mioyo iliyoanza kubadilika umbo na kulegea vibaya, ingawa walikuwa bado hawajaambiwa wana ugonjwa wa moyo. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2022 ulikuta kwamba uwezekano wa kupata tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi unaongezeka kwa karibu asilimia 50 kwa mwenye ini lenye mafuta, awe na kisukari au asiwe nacho.

Sasa jambo muhimu kuhusu ripoti ya eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Wengi wetu tumezoea kuangalia namba moja tu, EF, yaani asilimia ya damu inayosukumwa nje katika kila pigo. Ikiwa 60, mtu anaambiwa moyo uko salama. Namba hiyo inapima kujikaza, haipimi kulegea. Mtu anaweza kuwa na EF ya 60 na bado moyo wake unashindwa, kwa sababu hauwezi kujaa sawasawa. Kama unahema, miguu inavimba, na EF ni nzuri, muulize daktari waziwazi: "Moyo wangu unalegea vizuri? Chemba ya juu ya kushoto imetanuka?" Mpimaji mzuri wa eko ana vipimo vya hayo yote, na huwa ameviandika chini kidogo ya ile namba kubwa.

Zaidi ya hapo, mafuta hujikusanya pia kuzunguka moyo, na chemba ya juu iliyotanuka hupoteza mpangilio wa mapigo. Mapigo yanapokwenda ovyo, damu hutuama na kuganda, na donge likipanda kichwani linaleta kiharusi.

Je, si kisukari na presha ndivyo vinavyoua, na mafuta ya ini ni shahidi tu?

Swali zuri, na wataalamu wenyewe hulibishania. Ukiondoa kimahesabu athari za kisukari, presha, uzito na sigara, uhusiano wa ini na moyo hupungua lakini haupotei. Hiyo inaashiria kwamba ini lina mchango wake lenyewe.

Upande wa pili kuna ushahidi wa vinasaba. Mwaka 2008 watafiti waligundua kwamba watu wenye aina fulani ya kinasaba PNPLA3 hujaa mafuta kwenye ini kwa urahisi sana. Ingetarajiwa wawe na magonjwa mengi ya moyo, lakini sivyo. Kinasaba kingine, TM6SF2, huyafungia mafuta ndani ya ini yasitoke kwenda kwenye damu. Ini linaumia, ateri zinapata nafuu.

Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: kinachoumiza moyo zaidi ni ini linalomwaga mafuta na sukari kwenye damu, ndani ya mwili uliokwisha kukaidi insulini. Na kwa watu wengi wa kawaida wenye kitambi na ripoti ya ini lenye mafuta, hiyo ndiyo hali yao. Kwa hiyo usitumie mjadala wa wataalamu kama sababu ya kukaa nyumbani.

Je, moyo nao unaweza kuliharibu ini?

Ndiyo. Damu yote inayotoka kwenye ini inaingia karibu moja kwa moja upande wa kulia wa moyo. Upande huo ukishindwa, damu inarudi nyuma na ini linavimba. Mgonjwa anasikia uzito au maumivu chini ya mbavu za kulia, tumbo linajaa maji, macho yanaweza kuwa ya njano, na vipimo vya ini vinapanda.

Kwetu Afrika Mashariki hili lina uzito wa pekee. Tunao wagonjwa wengi wa valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, tunayo kifua kikuu inayokakamaza utando wa moyo, na upo ugonjwa wa makovu ya ndani ya moyo ambao madaktari wa Kampala walianza kuueleza kwa kina miaka ya 1940. Wote hawa wanaweza kufika hospitali na tumbo kubwa na ini lililovimba, wakatibiwa ini miezi mingi ilhali chanzo kiko kifuani. Tumbo likijaa maji, moyo upimwe pia. Kipimo cha eko hakipaswi kukosekana.

Ini lililokwisha kuwa sirosisi, yaani lililojaa makovu, nalo, hata iliyoletwa na homa ya ini B au pombe, hudhoofisha moyo kwa namna yake. Mgonjwa akipumzika moyo unaonekana mzuri. Akipata maambukizi, akitokwa damu au akifanyiwa upasuaji, unashindwa kuongeza kasi.

Mimi ni mwembamba. Nina haja ya kuhangaika?

Unaweza kuwa na mafuta kwenye ini bila kuwa mnene. Angalia kiuno zaidi ya mizani. Kwa mwanamume sentimita 94, kwa mwanamke 80, ndivyo viwango vya hatari vinavyotumika kwa watu wengi wenye asili ya Afrika. Mwenye mikono myembamba na kitambi kigumu hayuko salama kwa sababu tu nguo zake ni ndogo.

Sinywi pombe kabisa. Kwa nini ini?

Kwa sababu ini hutengeneza mafuta kutokana na sukari na wanga, hasa sukari ya vinywaji. Soda moja ya mililita 300 ina karibu gramu 30 za sukari, na ile sehemu ya sukari iitwayo fruktosi hushughulikiwa kwa kiasi kikubwa na ini moja kwa moja. Ongeza chai ya vijiko vitatu asubuhi na jioni, maandazi mawili na juisi ya pakiti: hujala nyama wala hujagusa bia, na ini limeshapata kazi ya kutengeneza mafuta siku nzima.

Anayekunywa pombe juu ya hayo anaongeza moto. Pombe huumiza ini, hupandisha presha na huharibu mapigo ya moyo. Ukiwa tayari una makovu kwenye ini, ushauri ni mmoja tu: acha kabisa.

Niombe vipimo gani?

Usianze na vya gharama. Pima presha, kiuno, sukari (ya kabla ya kula au HbA1c, yaani wastani wa miezi kama mitatu), mafuta ya damu yote manne, creatinini ya figo, ALT na AST (vimeng'enya vya ini) na hesabu kamili ya damu. Pima pia homa ya ini B na C mara moja kama hujawahi, maana kwetu B ni nyingi na huweza kukaa pamoja na mafuta.

Kwa vipimo hivyo unaweza kupata alama iitwayo FIB-4, inayokisia makovu ya ini. Chukua umri wako uzidishe kwa AST. Kisha chukua idadi ya chembe sahani (zile zinazogandisha damu) uzidishe kwa kipeuo cha pili cha ALT. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Mfano: mtu wa miaka 50, AST 40, ALT 49, chembe sahani 200. Juu tunapata 2,000. Chini tunapata 200 mara 7, yaani 1,400. Jibu ni 1.43. Chini ya 1.3 hatari ya makovu makubwa ni ndogo. Juu ya 2.67 ni kubwa, umwone mtaalamu. Huyu wa 1.43 yuko katikati, na anahitaji kipimo cha ugumu wa ini, kile cha mashine ya FibroScan kinachopatikana katika baadhi ya hospitali za miji mikubwa. Kwa waliozidi miaka 65 mpaka wa chini hupandishwa kuwa 2.0, na kwa vijana walio chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki sana.

ALT ikiwa ya kawaida, usishangilie mapema. Watu wengi wenye makovu wana ALT ya kawaida.

Kipimo cha umeme wa moyo ni cha bei nafuu na kinafaa kwa yeyote mwenye presha au kisukari. Eko si ya kila mtu mwenye mafuta kwenye ini. Ni ya mwenye dalili, mwenye presha ya muda mrefu, au mwenye makovu ya ini.

Dalili zipi hazisubiri miadi?

Maumivu ya kubana kifuani yanayopanda shingoni, tayani au mkononi. Kuhema ukiwa umelala chali hadi ulazimike kuongeza mito, au kuamka usiku ukitafuta hewa. Kuzirai. Uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kutoka yamevurugika. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Hizo ni za hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Nikipungua uzito, ini na moyo vitapona?

Ini ni kiungo chenye huruma kubwa. Ukipunguza asilimia 5 ya uzito, mafuta yanashuka. Ukifika asilimia 7 hadi 10, uvimbe wa ndani unatulia kwa wengi. Utafiti wa Cuba uliowafuatilia wagonjwa 293 kwa mwaka mmoja ulionyesha kwamba waliopunguza asilimia 10 au zaidi, uvimbe uliondoka kwa 9 kati ya 10, na karibu nusu yao hata makovu yalirudi nyuma. Kwa mtu wa kilo 90, tunazungumzia kilo 9, tena kwa mwendo wa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kujinyima kwa pupa ukashuka kilo nyingi kwa wiki chache kunaweza kulichafua ini zaidi.

Moyo nao hupata nafuu: presha inashuka, sukari inatulia, pumzi inarudi. Misuli iliyokakamaa miaka mingi hairudi yote kama zamani, na ndiyo sababu ya kuanza mapema.

Kwa chakula sioni haja ya kuagiza vitu vya ng'ambo. Maharage, choroko, mchicha, matembele, samaki wa kuchemsha au wa kupaka, dagaa, karanga kiasi, parachichi: pwani na bara tunavyo. Kinachotuharibia ni kipimo cha ugali na wali, mafuta ya kukaangia yanayorudiwa, chipsi za kila jioni na sukari ya kunywa. Anza na ya kunywa. Hiyo ndiyo hatua moja yenye faida kubwa kuliko zote, na haihitaji hela, inaokoa hela. Chumvi nayo ipunguzwe kwa ajili ya presha. Kahawa chungu ya kibarazani haina ubaya kwa ini. Wanywaji wa kahawa huonekana kuwa na makovu machache, mradi isisindikizwe na kashata kila siku.

Mazoezi: dakika 150 kwa wiki za kutembea hadi uhemehe kidogo. Hupunguza mafuta ya ini hata pale mizani inapogoma, kwa hiyo usiache kwa sababu kilo hazijashuka.

Kuna dawa?

Zipo, na zimekuja hivi karibuni. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha resmetiromu Machi 2024 na semaglutaidi Agosti 2025 kwa wenye uvimbe na makovu ya kiwango cha kati hadi kikubwa, ila si sirosisi. Semaglutaidi inanivutia zaidi kwa sababu moyo nao unafaidika: katika utafiti mkubwa wa mwaka 2023 ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 20 kwa watu wanene wenye ugonjwa wa moyo na wasio na kisukari. Bei yake bado inawashinda wengi.

Dapaglifozini na empaglifozini, zilizoanza kama dawa za kisukari, husaidia moyo unaoshindwa hata ule wenye EF nzuri, na hupunguza mafuta ya ini. Kama una kisukari, waulizie wataalamu wako habari zake.

Tahadhari moja: pioglitazoni hulisaidia ini, lakini huhifadhi maji mwilini. Mwenye moyo unaoshindwa haimfai. Na amiodaroni, dawa ya kurekebisha mapigo, inaweza yenyewe kuleta mafuta kwenye ini. Ndiyo maana kila daktari anayekuona anapaswa kuona dawa zako zote. Zibebe kwenye mfuko.

Naogopa statini zitaniharibia ini.

Statini ni dawa za kushusha lehemu, na hofu hii inawanyima watu dawa inayookoa maisha. Kwa mwenye ini lenye mafuta statini ni salama, hata ALT ikiwa imepanda kiasi. Anayehitaji uangalizi wa pekee ni mwenye sirosisi iliyofikia kujaza maji tumboni au kuleta umanjano.

Na dawa za kusafisha ini zinazouzwa mitandaoni?

Hakuna iliyothibitishwa kumpunguzia mtu kifo cha moyo au cha ini. Baadhi ya mitishamba huliumiza ini vibaya sana, na mchanganyiko usiojulikana ndani yake huwezi kuupima.

Ninatumia ARV. Ushauri ni huohuo?

Ni huohuo, na usikatize ARV hata siku moja. Baadhi ya waliohamia dolutegravia, mojawapo ya ARV, wameongezeka uzito, kwa hiyo kiuno, sukari na presha vipimwe kwenye kliniki yako ya kawaida. Utafiti wa REPRIEVE wa mwaka 2023, ulioshirikisha pia wagonjwa wa Uganda, ulionyesha kwamba statini ilipunguza matukio ya moyo kwa takriban theluthi moja kwa watu wanaoishi na VVU ambao hata hawakuonekana kuwa na hatari kubwa. Uliza kama inakufaa.

Nirudi kupimwa lini?

Kama FIB-4 iko chini ya 1.3 na una kisukari au zaidi ya kitu kimoja katika vile vitano vya ufafanuzi wa MASLD, rudia kila mwaka hadi miaka miwili. Bila kisukari na kwa kitu kimoja tu, miaka miwili hadi mitatu inatosha. Presha usiisubirishe hivyo: ipime kila upatapo nafasi, hata duka la dawa la mtaani, na uandike namba na tarehe kwenye daftari utakalolipeleka kliniki pamoja na ile ripoti ya ultrasaundi.